Sura ya 4: Kuku Mgeni Mlangoni

Kuku anayenunuliwa Busia leo asubuhi huenda juzi alilala Bugiri, upande wa Uganda. Alikuwa akidonoa maganda ya muhogo katika ua wa watu ambao mnunuzi hatawahi kuwaona, akashikwa alfajiri, akafungwa miguu pamoja na wenzake, akaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Njiani alibadilishiwa tenga mara moja au mbili. Akavuka mpaka. Wapo wanaovuka mbele ya afisa wa mifugo, karatasi mkononi, na wapo wanaopitia njia za panya. Wakishafika sokoni upande wa Kenya hakuna jicho linaloweza kuwatenganisha, maana wote wametiwa tenga moja na wananyweshwa kwenye kopo moja.

Anayetaka kujenga nyumba ya kuku Burumba, Mundika, Amagoro au Malaba yenyewe ana tatizo ambalo vitabu vingi vya ufugaji hulipita mbio. Vitabu hivyo humfikiria mfugaji wa Kiambu au Thika, anayeagiza vifaranga 500 wa siku moja kutoka kwa kampuni, wote wa umri mmoja, wakaingia bandani siku moja na kutoka siku moja. Kundi la mpakani halikusanyiki hivyo. Tetea mmoja alitoka kwa shemeji aliye Tororo, wawili walinunuliwa baada ya mavuno, jogoo aliletwa na mgeni aliyekuja kushukuru, na wengine walianguliwa papo hapo nyuma ya mtungi wa maji. Kila mwezi yuko anayeingia na yuko anayetoka. Nyumba yao yapasa ijengwe kwa hesabu hiyo kabla ya hesabu ya mabati.

Mpaka wenyewe haukuwekwa uzuie sana. Kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, na shabaha yake ilikuwa watu na mizigo wapite upesi. Mchuuzi mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha asili. Kuku hai huhitaji pia kibali cha daktari wa mifugo. Mwaka mmoja kabla ya uzinduzi huo, Januari 2017, mafua ya ndege yalipoua ndege wa porini kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai ya Uganda, na trei zilizokuwa zikivuka mchana kweupe zikageuka magendo kwa usiku mmoja. Agizo lilitoka Nairobi. Huku chini, mpaka wa Malaba ni mto, mpaka wa Samia ni mto Sio, na katikati yake kuna vijiji ambavyo watu wake wameoana, wamezikana na kupeana kuku tangu kabla ya kuwepo kwa afisa wa kuwauliza.

Kabla ya mabati kulikuwa na jiko. Katika nyumba nyingi za Wateso, Wakhayo, Wamarachi na Wasamia kuku hawakujengewa. Walilala jikoni karibu na mafiga, na tetea mwenye vifaranga akafunikwa tenga. Mpango huo una akili kuliko unavyosifiwa. Majivu ya moto huwapa vifaranga joto hadi usiku wa manane. Moshi hupunguza wadudu. Mlango hufungwa kwa ndani, na mwizi hana budi kumruka mtu aliyelala. Kasoro zake ni za aina mbili. Kinyesi cha kuku hubeba bakteria kama Salmonella na Campylobacter, wanaoharisha binadamu, na mtoto anayetambaa kwenye sakafu ya udongo hutia mdomoni kila anachookota. Halafu kuna nafasi. Jiko hulaza kuku 8, labda 10. Wakifika 20, mama mwenye jiko huanza kuwauza kwa bei yoyote kwa kuwa hana tena pa kukanyaga.

Serikali ililiona tatizo la kuku wa kienyeji kwa jicho lingine. Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na sehemu yake iliyokumbukwa zaidi vijijini ni ile ya kubadilishana majogoo: mkulima atoe jogoo wake mwembamba, apewe jogoo wa mbegu bora ampandishie matetea. Fikra ilikuwa kwamba udhaifu uko katika damu. Miaka 33 baadaye, sensa ya 2009 ilihesabu karibu kuku milioni 26 wa kienyeji nchini, dhidi ya wa kibiashara milioni 6 hivi. Mwembamba hakung'oka. Jogoo wa mbegu bora aliyeletwa kijijini alilala palepale alipolala mtangulizi wake, akanyeshewa mvua ileile, na maradhi hayakumuuliza asili yake. Mtu angejiuliza mambo yangekuwaje kama pesa za Uholanzi zingeanza na misumari.

Basi misumari.

Jambo la kwanza ambalo fundi asiyefuga husahau ni kwamba kuku ni ndege wa mtini. Amezalika kutokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia. Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba mifupa ya kale zaidi isiyo na shaka ya kuku wa kufugwa ilipatikana Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Kuku-mwitu hulala juu ya tawi, na mjukuu wake wa Nambale hajaacha. Jioni utamwona akizunguka chini ya mwembe huku akipiga mahesabu ya kuruka. Nyumba isiyo na fito za kulalia humlazimisha alale kwenye kinyesi chake, na baada ya siku chache ataikataa na kurudi mwembeni.

Fito ziwe za mti mviringo, unene wa sentimita 4 au 5, zimekwaruzwa magamba ili wadudu wasipate pa kujificha. Kila kuku apewe sentimita 20. Fito zote ziwe kimo kimoja, kiasi cha sentimita 60 hadi 90 kutoka chini. Zikipangwa kama ngazi, kila jioni patakuwa na ugomvi wa kugombea ya juu kabisa, na mnyonge ndiye atakayelala chini. Viota viwe chini ya kimo cha fito, la sivyo watalala humo na kuchafua mayai. Kiota kimoja chenye upana wa sentimita 30 hivi chatosha matetea 4 au 5, mradi kiko kwenye pembe yenye giza, kwa sababu tetea anayetaga hutaka faragha.

Chukua kundi la kuku 20, ambalo ndilo huwashinda wenye jiko. Kuku wanaotoka nje mchana wanahitaji mita 1 ya mraba kwa kila kuku 4 au 5 wakati wa kulala, kwa hiyo nyumba ya mita 2 kwa mita 2 na nusu yawatosha. Fito mbili za mita 2, zikiachana nusu mita, zawalaza wote. Paa la mwinamo mmoja litakula mabati 5 ya mita 3, kila bati likifunika kama sentimita 75 baada ya kulaliana, na bado utabaki na upenu wa kutosha pande zote kukinga mvua ya upepo. Nguzo 6 za mkaratusi, zilizofukiwa sentimita 60. Mchwa wa Busia hawahitaji utangulizi: nguzo isiyopakwa oili chafu ya gari, oili ambayo Malaba yenye foleni za malori haikosi hata siku moja, haitamaliza misimu mingi ya mvua.

Mji wa Busia uko nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Kwa mjenzi, maana yake ni kwamba jua la adhuhuri hupiga paani na halimwingilii mtu ukutani. Linaloingia ndani ni la asubuhi na la alasiri, kutoka mashariki na magharibi. Nyumba ilazwe urefu wake ukielekea mashariki na magharibi, kuta fupi za ncha hizo zizibwe hadi juu, na kuta ndefu za kaskazini na kusini ziachwe wazi kwa wavu kuanzia kimo cha kiuno. Hewa ipite. Kuku hana jasho. Hupoza mwili kwa kuhema, na chini ya bati la saa nane mchana tetea anayeatamia huhema mdomo wazi hadi anaacha mayai yake. Mafundi wa pande za Sio Port wana dawa ya zamani kwa hilo: mkeka wa mafunjo yaliyokatwa kwenye vinamasi, unaotandazwa chini ya bati kama dari. Hauna gharama kubwa, na ukichakaa unatupwa kwenye mboji.

Juu ya ukuta wa wavu kuna kosa linalorudiwa kila mahali. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi humzuia kuku kutoka. Kumzuia kicheche, nguchiro au panya asiingie ni kazi nyingine. Nguchiro huupanua kwa meno. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kama sentimita 80, iwe ya udongo uliokandikwa au mabanzi yaliyobanwa bila ufa, na wavu wa juu uwe wa matundu madogo. Upande wa kenge, yaani mabomani karibu na mito, mawe yafukiwe chini ya ukuta ili asichimbe. Mwewe ni wa mchana na nyumba haimhusu, isipokuwa kwa vifaranga, ambao wanahitaji kizimba chao chenye wavu juu kwa wiki 8 za mwanzo. Ni katika wiki hizo ambapo vifaranga wengi wa kienyeji hupotea, na mwewe hulaumiwa hata kwa wale waliokufa kwa baridi.

Kisha kuna siafu. Hapa mashauri ya vitabu na maisha ya Busia hugongana waziwazi. Vitabu husema funga mlango kwa kufuli, na vina haki, kwa kuwa mwizi wa kuku ni taasisi ya kudumu katika mji wowote wa mpakani. Lakini siafu hutembea usiku, hasa baada ya mvua, na wakiifikia nyumba iliyofungwa hawabakizi kifaranga; tetea anayeatamia hukubali kuliwa akiwa juu ya mayai. Kumwaga majivu kuzunguka nguzo husaidia, na nyumba iliyoinuliwa, nguzo zake zikiwa zimesimama ndani ya makopo ya oili, husaidia zaidi. Hata hivyo usiku ambao mvua imejaza makopo na kuyasafisha majivu, dawa ni moja tu: kufungua mlango mara moja na kuwaacha kuku watoroke gizani. Kwa hiyo kufuli liwepo, na ufunguo wake utundikwe msumarini karibu na kitanda cha mtu mwenye usingizi mwepesi. Nyumba ya kuku yenyewe iwe mahali ambapo kelele zitasikika kutoka kitandani hapo. Kelele ya siafu, wanasema wenye kuku, haifanani na ya mwizi: kwa mwizi kuku hulia kwa pamoja kisha wakanyamaza, kwa siafu hupapatika bila kukoma.

Sakafuni hakuna ubishi mwingi. Maranda kutoka kwa maseremala wa barabarani, au makapi ya mpunga kutoka vinu vya pande za Bunyala, yamwagwe kimo cha sentimita 5 hadi 10 na yageuzwe mara kwa mara. Kipimo cha unyevu ni mtu mwenyewe: achuchumae ndani hadi kichwa kilingane na kimo cha kuku. Macho yakimwasha, kuku wamekuwa wakivuta hewa hiyo usiku kucha.

Yote hayo, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na pengine nusu iliyo rahisi. Nguchiro huchukua kuku mmoja. Mwizi huchukua watano. Kideri huchukua wote.

Kideri, au mdondo kama wasemavyo ndugu wa Tanzania, ni ugonjwa wa virusi ambao madaktari huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, mwaka uleule ulipoonekana pia Java. Kuku asiyechanjwa huanza kusinzia, huharisha kijani, huhema kwa shida, wengine shingo hupinda. Kundi zima laweza kwisha ndani ya wiki. Virusi hutoka kwa pumzi na kinyesi, na husafiri kwa nyayo, kwa matairi ya boda boda, kwa tenga ambalo halijaoshwa. Kuanzia kuambukizwa hadi kuonyesha dalili hupita kwa kawaida siku 5 au 6, ingawa zaweza kufika 15. Siku hizo ndizo za hatari kwa mnunuzi. Kuku anaonekana mzima, macho yanang'aa, kishungi chekundu, na bei yake ni nzuri.

Bei ikiwa nzuri mno kuna sababu. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, mwenye kundi akiona kuku wawili wamekufa bila kisa, hutenda jambo ambalo kwa mfuko wake ni la busara kabisa: huwakamata waliobaki na kuwakimbiza sokoni kabla hawajafa. Hawa waliokimbizwa ndio hujaa kwenye matenga, nao hununuliwa na watu wanaotaka kuanza kufuga. Soko la mpakani hupokea mikimbio ya nchi mbili.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, walisema wahenga, na kamba hiyo ingalipo. Kuku aliyenunuliwa leo hufungwa kwenye mguu wa meza au kwenye kigingi uani kwa siku tatu nne mpaka azoee, asije akatoroka kurudi alikotoka. Wenyeji humjia mmojammoja. Humdonoa, humnyang'anya mahindi, hunywa maji yake. Kamba imezuia miguu na haikuzuia pumzi, na siku ya nne, akifunguliwa, kundi zima limekwishavuta alichokuja nacho.

Ndiyo sababu nyumba ya kuku ya Busia ina haja ya chumba ambacho ramani nyingi hazinacho: kizimba cha mgeni. Ni kitu kidogo, mita 1 kwa mita 1, kimeinuliwa juu ya nguzo nne, sakafu yake ya fito zenye nafasi ili kinyesi kidondoke, paa lake kipande cha bati kilichobaki. Kisigusane na nyumba kubwa. Kiwe upande ule ambao upepo hauvumi kuelekea kwa wenyeji, hatua nyingi kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na kiwe na kopo lake la maji lisilohamishwa. Mgeni akae humo wiki 3. Alishwe wa mwisho, baada ya wenyeji, na mikono ioshwe kwa sabuni. Anayewalisha asianze kwa mgeni kisha akaenda kwa wenyeji na viatu vilevile. Hata mwenyeji aliyepelekwa sokoni akakosa mnunuzi, akirudi jioni, ni mgeni.

Fundi atasema ni upotevu wa mbao. Na kwa kweli kizimba hicho kitakaa kitupu sehemu kubwa ya mwaka. Mwenye nyumba atashawishika kukigeuza hospitali ya kuku wagonjwa, jambo ambalo ni baya kuliko kutokuwa nacho, maana mgeni mzima ataingizwa katika kitanda cha marehemu. Kikiwa kitupu na kimeoshwa na kuanikwa juani, tetea mwenye vifaranga aweza kukitumia. Kazi nyingine kisipewe. Katika jamii ambazo kuku ndiye heshima ya mgeni, kwa Waluhya hasa, ambao Wakenya wengine hawachoki kuwatania kwa ajili ya ingokho, yaani kuku, huenda ikaonekana ukali kumweka mgeni nje kwa wiki tatu. Lakini huyu mgeni ana mabawa.

Uganda haileti maradhi tu. Kuroila, kuku mkubwa mwenye manyoya ya rangi mchanganyiko, alitengenezwa India na kampuni ya Kegg Farms mapema miaka ya 1990 kwa ajili ya familia za vijijini, na kuanzia 2010 hivi akafanyiwa majaribio Uganda kwa ushirikiano wa kituo cha taifa cha mbegu za mifugo na Chuo Kikuu cha Arizona State cha Marekani. Kwa Wakenya wa Busia na Malaba alikuwa jirani kabla ya kuwa habari. Nyumba iliyojengwa kwa kuku wa kienyeji humbana. Ni mzito, kwa hiyo fito za kimo cha kiuno humvunja miguu akishuka. Zishushwe hadi sentimita 40. Anakula nafasi zaidi, kuku 3 kwa mita ya mraba. Na haatamii ipasavyo, jambo linalomwachia mwenye nyumba kazi ya kuwalea vifaranga kwa jiko la makaa au balbu, wiki ya kwanza kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35, ndani ya duara la katoni lisilo na pembe, kwa kuwa vifaranga wakisikia baridi hurundikana pembeni na kunyimana pumzi. Wengi hutatua hilo kwa kumwekea tetea wa kienyeji mayai ya kuroila. Mwembamba yule ambaye mpango wa 1976 ulitaka kumboresha ndiye anayelea vifaranga wa mkubwa.

Yuko pia mwenye nyumba, na si kila mara mwenye nyumba ndiye mwenye kuku. Ng'ombe katika maboma haya alikuwa wa mwanamume, kuku alikuwa wa mwanamke na watoto, ingawa desturi ya zamani katika jamii nyingi za Waluhya ilimkataza mwanamke huyohuyo kula nyama ya kuku, na firigisi hadi leo hupelekwa kwenye sahani ya baba bila kuulizwa. Kuku wa jikoni waliuzwa na mama kwa daftari la mtoto na chumvi. Nyumba ya mabati hubadilisha mizani. Imegharimu pesa za baba, iko kwenye kiwanja cha baba, na kuku wakifika 50 huanza kuitwa mradi. Wanaopanga kujenga wangefanya vyema kuzungumzia ufunguo, na daftari la mauzo, kabla ya kuzungumzia geji ya bati.

Kwa kuku wenyewe, faida kubwa ya nyumba ni kwamba alfajiri wanapatikana. Mambo mawili yalikwamisha chanjo ya kideri vijijini kwa miaka mingi: kuku anayelala mwembeni hashikiki, na chanjo za kwanza zilihitaji barafu isiyokatika kutoka kiwandani hadi kijijini. Tatizo la barafu lilipunguzwa katika miaka ya 1990 pale Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipotengeneza chanjo ya I-2, inayovumilia joto kuliko za zamani na inayotolewa kwa tone moja jichoni. Mbegu yake ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea. Nchini Kenya chanjo za kideri hutengenezwa na KEVEVAPI, shirika la serikali la chanjo za mifugo, na hupatikana kwenye agroveti za mjini. Tatizo la mwembe linabaki kwa mwenye boma.

Kuna hesabu moja ya mwisho. Chupa ndogo ya chanjo huwa na dozi 100 au zaidi, na ikishachanganywa na maji yake hudumu saa chache tu. Mwenye kuku 20 akiinunua peke yake atamwaga nne kwa tano. Kwa hiyo maboma matano hukubaliana siku, huchanga, na mmoja huenda kwa boda boda kuichukua jioni, imefungwa kwa gazeti ndani ya birika la chai lenye vipande vya barafu. Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, mlango wa nyumba ya kwanza hufunguliwa nusu. Mtoto huingia na kumtoa kuku mmoja, mama hudondosha tone, husubiri jicho lipepese, kuku huachiwa nje. Kuku 20 huchukua muda wa kuchemsha chai. Kisha kundi la watu huhamia boma la pili, miguu ikioshwa kwenye beseni la dawa mlangoni, na kwa wale ambao kuku wao bado hulala jikoni kazi huwa ileile, ila kwa moshi na matusi zaidi. Wa mwembeni huachwa. Chanjo hurudiwa kila miezi 4: ikitolewa Novemba, kabla ya jamaa wa Nairobi kuteremka kwa Krismasi na bei ya jogoo kupanda, ya pili huangukia Machi, mvua ndefu inapoanza, wakati ambao fundi hapatikani na bati lililolegea halina wa kulipigilia.